Sauti Kumi na Mbili za Kilima cha Wastani

Kila asubuhi, saa moja kamili, Mwalimu Sikudhani alitoka na ufagio wa chelewa akafagia mbele ya lango lake, namba nane. Akimaliza alisogea akafagia mbele ya namba tisa, halafu kumi, hadi kumi na mbili, kisha akarudi kuanzia namba saba kushuka mpaka namba moja. Majani ya miarobaini hayakujua nani yupo na nani hayupo. Yaliyaangukia malango yote bila upendeleo, na yeye aliona vibaya kuyaacha yarundikane kwa jirani, kama mtu anayemwona mwenzake ana tongo jichoni akanyamaza. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemshukuru, na kusema kweli hakuna aliyemwona.

Jumanne moja, akiwa ameinama mbele ya namba tano, gari la matangazo liliingia mtaani na vipaza sauti vinne juu yake. Ufagio ulimponyoka. Siku nyingi zilikuwa zimepita tangu asikie sauti ya mtu barabarani, na hii ilikuwa na nguvu ya watu wanne.

"Wananchi wa Kilima cha Wastani," ilisema, "mnatangaziwa kwamba Serikali imesikia uvumi kuwa mtaa wenu unashuka hadhi. Serikali haijaamua kama ni kweli. Mpaka itakapoamua, mnaombwa msishuke."

Dereva alisimama karibu naye, akatoa kichwa dirishani, akamsalimu kwa adabu, akauliza kama tangazo limewafikia wote. Sikudhani aliyatazama malango, akaanza upande huu mpaka upande ule. Alitaka kusema kwamba wote ni yeye. Lakini alikuwa mtu wa haya, na neno hilo aliliona kubwa mno kumwambia mtu asiyemjua, tena aliye kazini. Akasema limewafikia. Dereva alifurahi, akageuza gari, akalitangaza tena kwa ajili ya wale waliokuwa bado usingizini.

*

Msomaji asiyeifahamu Jamhuri ya Shwari aelezwe kidogo. Ni nchi yenye watu wa aina tatu. Wako wa Juu, ambao hawapimwi kwa sababu kipimo hakiwafikii. Wako wa Chini, ambao hawapimwi kwa sababu majibu yanajulikana. Kisha wako wa Wastani, na hao hupimwa kila wakati, mpaka wengine wamezoea kusimama wima hata wanapolala.

Kilima cha Wastani kilijengwa kwa ajili yao: walimu, makarani wa benki, wapima ardhi, wauguzi wakuu. Ilikuwa barabara moja yenye nyumba kumi na mbili upande mmoja na bonde upande wa pili. Kila nyumba ilikuwa na baraza lake mbele, na nyuma, kati ya ua na ua, palikuwa na vijilango vya mbao. Vijilango hivyo havikuwamo kwenye ramani ya Serikali. Wakazi wa kwanza walivitoboa wenyewe, ili mtu akiishiwa chumvi asizunguke barabarani na kikombe mkononi kama anayeomba.

Halafu watu wakaanza kuhama. Hakuna aliyehama kwa sababu mtaa umeshuka, maana hilo lisingewezekana kabla ya tangazo. Karani wa namba kumi alihama kwa kuwa maji yalikatika, ingawa msoma mita aliendelea kuja kila mwezi akasoma upepo uliopita bombani. Muuguzi mkuu wa namba saba aliwafuata wajukuu. Familia ya namba tisa, waliokuwa na redio kubwa na ugomvi wa kila Ijumaa, walikwenda ng'ambo, na Sikudhani aliukosa ule ugomvi kuliko alivyotarajia. Ijumaa tatu mfululizo alisimama karibu na ukuta akisubiri uanze.

Kila aliyeondoka alimwachia ufunguo, kwa sababu alikuwa na sura ya mtu wa kuachiwa funguo. Kila mmoja alimwambia, tutakuwa tunakuja. Na hakuna hata mmoja aliyeirudisha nyumba kwa Ofisi ya Makazi ili apewe mwingine. Anwani ya Wastani ilikuwa heshima, na katika Shwari heshima haikai pale mtu anapolala. Inakaa kwenye bahasha.

Mwisho ikafungwa shule ya mtaa, ambako Sikudhani alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na sita. Barua ya kuifunga ilikuwa ya pongezi. Ilisema shule imefikia lengo, kwani uchunguzi umethibitisha kwamba Kilima cha Wastani hakina mtoto hata mmoja asiyejua kusoma. Uchunguzi ulikuwa sahihi. Kilima cha Wastani hakikuwa na mtoto hata mmoja.

*

Alhamisi ya wiki ile ile ya tangazo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumisha Mtaa aliitisha kikao cha dharura. Mwenyekiti huyo alikuwa Mzee Hemedi Kisebengo wa namba moja, mwanamume wa koti na tai, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akiishi mjini kwa binti yake, lakini hakuwahi kukosa kuja kila Alhamisi kuongoza. Kikao kilihudhuriwa na watu wawili. Kumbukumbu ziliandika kwamba wakazi kumi walitoa udhuru, na kikao kikawashukuru kwa moyo wao.

Mzee Kisebengo alieleza kwamba mtaa utapimwa, na kwamba vipimo vya zamani vimeachwa. Serikali iliwahi kuhesabu taa zilizowaka, lakini umeme haukutoa ushirikiano. Ikahesabu magari, ikagundua kwamba mengi yamekaa juu ya mawe. Ndipo Waziri wa Hadhi alipotoa hotuba yake ya saa tatu, na Mzee Kisebengo, aliyekuwa ameikata gazetini, aliisimamia kwa miguu yote miwili akaisoma sehemu iliyopigiwa mstari.

"Ndugu wananchi, nyumba si tofali. Tofali ni tofali. Nyumba ni lile neno linalotoka ndani mgeni anapobisha. Penye karibu pana mtu, penye mtu pana hadhi, na penye hadhi, ndugu wananchi, hapakosi Serikali."

Hapo, kwa mujibu wa gazeti, watu walipiga makofi kwa dakika kumi na moja, kama ilivyokuwa kwenye ratiba.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Afisa Mpima Hadhi atabisha hodi mara tatu kila mlango. Sauti ikijibu, nyumba ina mtu; sauti ikiwa ya mashaka, ataandika anavyoona mwenyewe. Afisa hataingia hata akibembelezwa, kwa sababu kuingia ili kuhakikisha kama mtu yupo ni kumdhania mwananchi vibaya. Nyumba ikinyamaza, ataandika kwamba mwenyewe anaswali, kwa kuwa katika nchi ya wacha Mungu ukimya hauwezi kuwa na maana nyingine. Lakini mtaa unaoswali mno, alieleza Mzee Kisebengo kwa masikitiko, hupata alama za uchaji na kukosa za hadhi.

Kisha akamtazama Sikudhani kwa upole. Alisema anakumbuka jinsi watoto walivyokuwa wakitulia darasani kwake, yeye akisoma hadithi kwa sauti ya sungura, ya fisi na ya mama mkwe wa simba, na kwamba kipaji ni amana. Alisema pia anafahamu kuwa funguo zote ziko kwake. Akataja vijilango vya uani. Hakumwambia afanye nini. Mtu wa Wastani hasemi moja kwa moja jambo linaloweza kuandikwa.

Sikudhani alielewa. Moyoni alikuwa na hotuba nzima: kwamba mtaa wenye sauti kumi na mbili za mtu mmoja ni upweke uliovaa koti. Akafungua mdomo.

"Sawa, Mzee," alisema.

Ikaandikwa kwamba azimio limepita bila kupingwa.

*

Alifanya mazoezi wiki nzima. Mwanzoni aliona aibu kuzungumza peke yake katika sebule za watu, kati ya makochi yaliyofunikwa mashuka. Lakini kufikia siku ya nne alikuwa amepata karibu nzito ya mpima ardhi wa namba tano, yenye kikohozi kidogo mwishoni. Karibu ya mafua ya karani wa namba kumi. Na karibu ya haraka ya muuguzi mkuu, kama ya mtu aliyeacha maziwa jikoni. Ya namba tisa aliipenda kuliko zote. Aliitengeneza kwa sauti ya mama mcheshi, mnene kidogo, anayefurahia wageni. Akiisema yeye mwenyewe alijikuta anatabasamu, kisha anageuka kutazama nani amesema.

Siku ya sita, akiwa nyumbani kwake anachambua mchele, alisikia hodi. Ilikuwa langoni kwake hasa. Ilimshtua kiasi kwamba alijibu kwa sauti ya mpima ardhi, pamoja na kikohozi.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mabinti wawili pacha. Alijitambulisha kuwa Mama Kulwa, fundi cherehani, anayepanga chumba kule kwa watu wa Chini. Aliuliza kama baba anaumwa. Sikudhani alisema hakuna baba, ni kifua chake tu, na uso ukamwaka moto.

Mama Kulwa alikuwa kwenye orodha ya Ofisi ya Makazi kwa miaka sita, na sasa alikuwa wa kwanza. Mwenye chumba alikuwa anakitaka mwisho wa mwezi. Alikuwa amesikia kwamba namba tisa haina watu, akaja kuichungulia kabla ya kupeleka ombi, asije akaonekana anamnyemelea mtu nyumba yake.

"Dada, huyu jirani yako yupo?"

"Ina wenyewe," Sikudhani alijibu.

"Wakoje?"

Sikudhani alifikiri. "Wapole," alisema.

Alimkaribisha chai na viazi vitamu. Pacha walikula wakiwa wamesimama, kisha wakagundua vijilango vya uani, na kwa nusu saa nzima miguu minne ilipita na kurudi, kutoka ua wa kumi na mbili mpaka wa kwanza, mlango mmoja ukigonga baada ya mwingine kama watu wanaoitana. Mama yao aliomba radhi mara tano. Alisema ni vizuri aseme ukweli mapema: akipata nyumba hapa atakuwa kero. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu, ina kelele kama mashine ya kusaga, na yeye mwenyewe akishona huimba, tena vibaya, na watoto wake hawakupewa sauti ya kunong'ona. Watu wa Wastani, alisikia, wamezoea utulivu.

Sikudhani alitaka kumwambia kwamba utulivu wa mtaa huu ameusikiliza mpaka ameanza kuusikia ukimpigia soga. Kwamba angeweza kulala vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akijua upande wa pili wa ukuta kuna mtu anakanyaga cherehani.

"Kelele haidhuru," alisema, akammiminia chai nyingine.

Walipoondoka aliosha vikombe vinne taratibu. Alikuwa amesahau kuwa navyo vinne.

*

Afisa Mpima Hadhi, Bwana Matimbwa, alifika Jumatatu kwa hesabu ya awali. Alikuwa mtu mfupi, mkarimu, mwenye fimbo maalumu ya kubishia iliyong'arishwa kwa mafuta na kuwekwa katika mfuko wa mahameli. Nyuma yake alikuja karani na daftari, na nyuma ya karani Mzee Kisebengo, akiwa mkazi. Utaratibu ulimtaka Bwana Matimbwa, akimaliza kila nyumba, asome kwa sauti matokeo ya nyumba zote zilizotangulia, na hilo ndilo lililomwokoa Sikudhani, maana lilimpa muda wa kufunga mlango, kupita uani, kuinama kwenye kijilango na kufungua mlango unaofuata.

Namba moja ilijibu kwa sauti ya mke wa Mwenyekiti. Mzee Kisebengo, akiwa nje, alivua kofia. Namba tano ilijibu na kukohoa, na Bwana Matimbwa akamtakia mgonjwa nafuu kupitia mlangoni. Mgonjwa akamshukuru. Bwana Matimbwa akasema karafuu husaidia. Mgonjwa akasema atajaribu. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote Sikudhani aliyowahi kuwa nayo mwezi ule, ukimtoa Mama Kulwa, na alihuzunika kidogo kwamba hakuwa yeye aliyekuwemo.

Alipofika namba nane, nyumba yake mwenyewe, alikuwa akitweta. Alisikia hodi. Hapa hakuwa ameandaa sauti yoyote, kwa sababu hapa alikuwepo.

"Karibu," alisema.

Bwana Matimbwa alimuuliza karani kama amesikia kitu. Karani alisema labda upepo. Bwana Matimbwa akatega sikio, akabisha tena, na Sikudhani akasema tena karibu, kwa sauti ile ile nyembamba aliyozaliwa nayo. Walishauriana. Kisha akasikia kalamu ikiandika, na afisa akiisoma kwa sauti, kama utaratibu ulivyotaka: "Namba nane. Sauti ya mashaka. Huenda nyumba haina mtu. Ichunguzwe."

Hakuwa na muda wa kuumia. Alipita uani mbio, na namba tisa ikamkaribisha Bwana Matimbwa kwa bashasha kiasi kwamba aliinama mbele ya mlango uliofungwa.

Taarifa ilitoka Jumatano. Kilima cha Wastani kilikuwa kimesimama imara. Kwa kweli kilikuwa kimepanda. Katika nchi nzima hakuna mtaa ulioonyesha ukarimu kama ule, na kingepaswa kuwa mfano, isipokuwa namba nane tu. Mzee Kisebengo alimpongeza Sikudhani kwa mikono miwili, akamletea chupa ya asali kwa ajili ya koo, akamwambia asihofu, ile namba nane Kamati itaitetea.

Sikudhani alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Alianza kusema kwamba alikuwa akifikiri, kuhusu namba tisa, kama isingewezekana siku ya hesabu ya mwisho namba tisa ikawa...

Mzee Kisebengo alimkatiza kwa furaha. Na yeye alikuwa akifikiri hivyo hivyo. Namba tisa ijibu mara mbili, mume na mke.

"Sawa, Mzee," alisema Sikudhani.

*

Mama Kulwa alirudi Ijumaa, peke yake, akiwa na karatasi ya Ofisi ya Makazi. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akacheka, akasema kumbe namba tisa ina mtu, tena mtu mwema. Afisa kamsifu. Kasema katika kazi yake yote hajawahi kusikia karibu yenye joto kama ile.

"Nikamwambia, basi mwacheni. Mwenye sauti kama hiyo hahamishwi. Ukimwona unisalimie."

Sikudhani alisema atamsalimia. Aliuliza sasa watakwenda wapi. Mama Kulwa alisema Mungu hamtupi mja wake, na kwa namna alivyolisema ilijulikana kwamba hakuna pahala. Alieleza kuwa aliuliza pia, kwa udadisi tu, nyumba huhesabiwa tupu lini. Wakampa kanuni aisome. Nyumba huwa tupu pale mtu aliyemo ndani atakapotamka mwenyewe kwamba hamna mtu. Alicheka tena, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaendelea kujifuta hata baada ya kicheko kwisha.

"Kesho nitakuja kwenye hesabu ya mwisho. Sisi wa kwenye orodha tunaruhusiwa kusikiliza. Si tamaa, dada yangu. Nataka niisikie kwa masikio yangu, moyo ukate tamaa vizuri."

Sikudhani alimshika mkono. Alikuwa na neno pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Lilibaki pale mpaka mgeni akavaa viatu, akapita lango, akateremka kilima.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Bwana Matimbwa alitoa fimbo kwenye mfuko wake wa mahameli. Walikuwepo karani, Mwenyekiti katika koti lake zuri zaidi, na upande wa bonde, mbali kidogo kama watu waliokuja msibani wasioijua familia, Mama Kulwa na pacha wake waliochanwa nywele.

Namba moja ilijibu. Namba mbili, tatu, nne zilijibu. Namba tano iliripoti kwamba karafuu imesaidia, na Bwana Matimbwa alifurahi kwa dhati. Namba sita na saba zilijibu. Kila mlango ulipojibu, Sikudhani, akiwa gizani nyuma ya mapazia ya watu, alisikia pacha mmoja akimuuliza mama yake kama hiyo ndiyo nyumba yao, na mama akisema hapana, bado.

Aliingia kwake. Alisimama nyuma ya mlango wake mwenyewe, kati ya kabati la vitabu vya darasa la kwanza na vile vikombe vinne. Hodi ikabishwa.

"Karibu," alisema. Alijitahidi. Aliisukuma kwa nguvu zote.

Bwana Matimbwa alitikisa kichwa. Hata kwa ndani alihisi jinsi alivyokitikisa. Mzee Kisebengo alijaribu kuitetea, akasema mwenye nyumba ni mtu mkimya, mwalimu, mtu mzuri sana. Bwana Matimbwa alisema kwa huruma kwamba watu wazuri si hoja, hoja ni sauti, na akasoma anachoandika: "Namba nane. Hamna kitu humu."

Sikudhani alibaki amesimama sebuleni mwake, akiwa si kitu. Kisha akapita uani. Safari hii hakukimbia. Aliinama kwenye kijilango, akanyooka upande wa pili, akafungua mlango wa nyuma wa namba tisa, akapita kati ya makochi yaliyofunikwa mashuka mpaka kwenye mlango wa mbele.

"Hodi," alisema Bwana Matimbwa, tayari amekwisha kutabasamu.

Namba tisa haikujibu.

"Hodi tena."

Nje pacha walikuwa wakinong'ona, na kweli hawakupewa sauti hiyo. Kila neno lilisikika. Mama yao akawanyamazisha. Mzee Kisebengo alikohoa, akasema labda mama wa namba tisa yumo kwenye sala. Karani alishusha kalamu kwenye daftari. Kama Sikudhani angenyamaza kidogo tu zaidi, ingeandikwa anaswali, na nyumba ingekuwa na mtu milele.

"Hodi, kwa mara ya tatu na ya mwisho."

"Hamna mtu humu ndani," alisema Sikudhani.

Alisema kwa sauti yake. Haikuwa ya mama mcheshi wala ya mpima ardhi. Ilitetemeka, lakini ilipita mlangoni.

Bwana Matimbwa alipekua kanuni, akakuta kila kitu kiko sawa, na hilo ndilo lililomchanganya. Aliuliza kwa adabu ni nani anayesema kwamba hamna mtu.

"Ni Sikudhani, wa namba nane."

"Namba nane hamna mtu, mama. Tumeshaandika."

Ndipo akageuza ufunguo akafungua mlango. Jua lilimwingia machoni. Aliwaona wote kwa mara moja: afisa na fimbo yake, karani, Mzee Kisebengo akimfanyia ishara ya mkono kwamba afunge, afunge upesi, na kule nyuma Mama Kulwa amewashika watoto mabegani.

"Mzee, unisamehe," alisema. "Sikukwambia siku ile. Bwana afisa, nyumba zote ulizobisha ni mimi. Yule wa kifua ni mimi. Mke wa Mwenyekiti ni mimi. Hawa watu walihama zamani."

Bwana Matimbwa alionekana kuumia, na kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa kama karafuu ilimsaidia mtu yeyote. Kisha akajikumbuka kuwa yuko kazini. Akamwambia kwamba Serikali inasubiri jibu moja tu, na sasa hana la kupeleka. Mtaa huu unashuka, au umesimama?

"Sijui, bwana," alisema Sikudhani. Alikuwa ameishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. "Hilo mtaamua ninyi. Mimi ninachojua, kwa miaka miwili sijasikia mtu akipiga chafya upande wa pili wa ukuta wangu. Nafagia malango kumi na mawili kila siku ili nijione nina watu. Mpeni huyu mama nyumba, na cherehani yake, na hao watoto. Sitaki hadhi. Nataka jirani."

Akapumua, akamgeukia Mama Kulwa, kwa sababu yeye ndiye aliyepaswa kuambiwa tangu siku ile ya viazi.

"Nakutaka wewe ukae hapa. Niko peke yangu."